Shanga za Jalada

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar

Ukurasa wa kumi na tisa. Bado natafsiri hiki kijitabu cha kuponya moyo. Feni imekufa. Leo kinamshauri aliyefiwa ajifunike blanketi zito karibu na moto, asikilize mvua. Mvua gani? Lodwar hii? Bosi anasema kazi yangu ni kutafsiri, si kukosoa. Kinanichefua.

Jumatano, 5 Machi. Kakuma

Tumekijaribu kwa kikundi cha akina mama, wenyeji na wakimbizi. Nilisoma pale panaposema utembee msituni peke yako. Mama Furaha, Mkongo, akanikatiza: "Eti tutembee mu pori juu ya kutuliza roho? Miye nilitoka mu pori nakimbia!" Tulicheka mpaka machozi.

Akiru, Mturkana mwenzangu, hakucheka. Mumewe aliuawa njia ya Kainuk miezi miwili iliyopita. Shingo yake tupu. Kwetu mjane huvua shanga, na hazirudi hadi watu wa mume waseme matanga yamekwisha. Nimelijua hilo tangu utotoni. Anatembea mbali kuja kikaoni. Anasema hapa analia na hakuna anayemuuliza ataacha lini.

Alhamisi, 6 Machi. Kakuma

Bosi anataka picha ya jalada. Mwanamke wa Kiturkana, shanga hadi kidevuni, anatabasamu. Kamchagua Akiru, eti ana uso mzuri. Shanga kanunua sokoni Lodwar. Nikamwambia huyu ni mjane. Akasema ndiyo vizuri, watu waone amepona.

Nikatumwa nimwombe kwa Kiturkana. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikamwomba. Nikasema picha itasaidia wajane wengine, tena ni dakika moja tu, haihesabiki. Haihesabiki! Nani alinipa mamlaka hayo? Alinitazama sana. Kisha akainamisha shingo, nikamvisha kwa mikono yangu.

Nimenawa mara tatu. Najionea kinyaa.

Jumatatu, 10 Machi. Kakuma

Akiru hakuja. Mama Furaha kaniambia yote. Bosi alirusha picha kwenye grupu la WhatsApp, ikafika kwenye simu ya jirani, mama mkwe akaiona. Wakwe wanasema Akiru amechoka kuomboleza, ana mwanamume. Wanataka aondoke, awaache watoto wake wawili.

Kuponya moyo, jamani.

Jumanne, 11 Machi. Lodwar

Nimemwambia bosi aifute picha. Akasema sawa, atapiga nyingine, shingo ziko nyingi. Shingo! Kisha akaniuliza kama nimesoma sura ya kudhibiti hasira. Mimi ndiye niliyeitafsiri, mpumbavu yule.

Nimeacha kazi. Sikuaga mtu.

Ijumaa, 14 Machi. Kakuma

Nimekwenda kwa wakwe wa Akiru. Nilikaa chini mbele ya mama mkwe na shemeji zake, nikasema ukweli: hana mwanamume, mimi ndiye niliyemdanganya, mimi ndiye niliyemvisha. Mama mkwe alinitukana mpaka akachoka. Sikujitetea. Mwishowe akasema Akiru atabaki na watoto, lakini matanga yake yanaanza upya, siku ya kwanza ni leo.

Akiru alinisindikiza hadi lagani, kwenye mto mkavu. Maji hakuna, mchanga tu. Nilipomwomba msamaha, alisema siku ile alidhani mimi, niliyekulia mjini, sikujua uzito wa desturi. Ndiyo maana alikubali. Hakutaka kuniaibisha mbele ya bosi wangu.

Nikamwambia nilijua.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa watoto wake.