Wale Waliojificha Kisarawe

Tabata, 9 Machi 1997

Dada Khulud,

Shikamoo. Watoto wazima, homa imeniachia. Nyie huko Tanga hamjambo?

Dada, mie silali. Unajua shemeji yako Talha anavyowatafsiria watu filamu kwenye banda lake la video. Juzi kaonyesha ya Wacheyenne, wale Wahindi Wekundu wa Marekani. Babu zao walikimbia askari, wakajificha milimani, wajukuu wako huko mpaka leo. Mzungu mmoja anawagundua. Akisema tu, wamekwisha.

Talha karudi nyumbani kanyong'onyea. "Zubeda, mie watu hao nimewaona."

Nikacheka. Kumbe alipokwenda Kisarawe kununua mkaa alipotea msituni, akakamatwa na watu waliojificha humo. Wanawake, watoto, wazee. Wamekimbia vita kwao, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wauaji bado wanawasaka. Walimpa maji, wakamwapisha asimwambie mtu, wakamwonyesha njia. Sasa na mie najua.

Mdogo wako,
Zubeda

Tanga, 17 Machi 1997

Mdogo wangu Zubeda,

Nimefurahi homa imekwisha. Sie wazima, ila barua yako imenitia baridi. Mwambie mumeo afunge mdomo. Namjua Talha, akishika kipaza sauti hajizuii. Hiyo filamu asiionyeshe tena!

Dada yako,
Khulud

Tabata, 26 Machi 1997

Dada,

Shikamoo. Afya ipo, roho haipo.

Barua yako imechelewa. Watu waliiomba tena ile filamu. Alipofika pale mzungu anaulizwa, "Wako wapi?", Talha akachomekea ya kwake: "Hasemi ng'o! Kama mie na wale wangu wa Kisarawe!" Banda zima likacheka. Wanaume wawili nyuma hawakucheka.

Kesho yake mchana wakaja. "Shemeji, Talha yupo?" Wapole, lafudhi ya huko huko kwenye vita. Wakampakia kwenye pikapu, akawaonyeshe njia. Mmoja akambeba mwanangu, akamwuliza jina, huku ananitazama mie. Nikaelewa. Sijapiga kelele, sijaenda polisi. Jirani yangu Apolonia ndiye anayekaa nami.

Zubeda

Tanga, 14 Aprili 1997

Zubeda mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Nimetuma salamu kwa watu wa basi, hakuna jibu. Niandikie hata neno moja.

Dada yako,
Khulud

Tabata, 29 Aprili 1997

Dada yangu Khulud,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Talha yu hai. Aliwazungusha upande mwingine kabisa, kwenye matope ya mtoni, mpaka wakagundua. Wamemvunja mkono na mguu, wakamtupa barabarani. Walimwambia watarudi na wenzao, wausake msitu mzima.

Hawezi kutembea. Nikamwuliza njia, nikaenda na Apolonia, tumebeba magunia kama wanunuzi wa mkaa. Kila kijiti kikivunjika, dada, namshika Apolonia mkono.

Tulikuta mafiga bado ya moto. Mtu hakuna. Nikaita, nikaita tena. Basi nikaiambia miti: "Wanaowasaka wanakuja. Hameni leo."

Hapo karibu, nyuma ya kichaka, mtoto akakohoa. Kikohozi kikakatwa katikati, kama kimezibwa kwa kiganja.

Apolonia akanitazama. Nikasema kwa sauti, "Hakuna mtu hapa, shoga. Twende zetu."

Nikavua kanga yangu ya juu, nikafungia humo unga tuliouficha kwenye magunia, nikauweka chini. Tukaondoka, wala hatukugeuka nyuma.

Mdogo wako,
Zubeda