Msumeno Uliofungwa Leso

Mama Mkwe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, kitu ambacho mbele yako sikukifanya hata siku moja. Ulipoingia, nilisimama. Tulipokutana njiani, nilikupisha majanini. Tuliishi hivyo tangu nilipomwoa Mueni: salamu za mbali, macho chini, na maneno yetu mengi yakipitia kwake. Nisamehe basi kwa kukaa. Ninayotaka kukuambia ni mazito, na kwa kusimama nisingeyamaliza.

Ni kuhusu ule msumeno wa mashine. Ile pawasoo.

Unakumbuka upepo ulipouangusha mgunga nyuma ya jiko lako kule Makueni? Ulimwambia Mueni kwa simu kwamba siku hizi shoka linakuchosha. Ulisema hilo tu, hukuomba kitu. Nami nilikuwa kando nashona sare za shule, nikasikia, nikajiambia: leo watu watajua kwamba mama yule ana mkwe.

Nikaenda kwenye duka la mashine karibu na soko la Muthurwa, hapa Nairobi. Mwenye duka akaniuliza ni ya kukatia nini, na atakayeishika ni nani. Nikamwambia ni ya mama mkwe, shambani kwake kuna mti umeanguka. Akanishushia ndogo, nyepesi, ya kuinua kwa mkono mmoja.

"Chukua hii, buda. Mathe ataiwasha bila noma."

Nikaitazama nikaona aibu. Mtu haendi ukweni na kitu kidogo. Nikamwuliza kama anataka nionekane nimepeleka kisu cha kukatia sukuma wiki. Nikaionyesha kwa kidole ile kubwa iliyokuwa rafu ya juu, yenye ulimi mrefu wa chuma. Akacheka.

"Hiyo ni ya wasee wa kupasua mbao. Mathako ataibeba aje?"

Nikalipa.

Mimi ni fundi nguo, Mama. Hapa Mbotela sikati kitambaa kabla sijampima mtu. Hata gauni lako la Krismasi, kwa kuwa mkono wangu haungeweza kukugusa, nilimpa Mueni tepu akakupima yeye. Lakini kwa mashine ile sikumwuliza Mueni wala yeyote mikono yako imebaki na nguvu kiasi gani. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi nilijifanya najua.

Siku niliyoileta uliipokea kwa mikono miwili. Ikakuvuta chini, nawe ukamalizia kwa kupiga goti, kana kwamba ulikuwa unashukuru tangu mwanzo. Nikadhani ni heshima hiyo. Roho ikanitulia kabisa.

Tangu hapo, kila tulipokuja tulikuta kuni zimepangwa kando ya jiko, ncha zake laini, zimekatwa sawasawa. "Baba Mutheu, mashine yako inafanya kazi," ulikuwa ukisema, umetazama pembeni. Nikazipiga picha kuni zile! Nikawaonyesha wateja wangu, jirani zangu, hata watu wa kanisani. Nikawaambia, mama mkwe wangu anakata gogo kama mkate.

Halafu ukatuacha.

Kwenye matanga zilihitajika kuni nyingi, watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mtu akasema, si kuna ile mashine ya mkwe? Nikainuka mwenyewe, nikaenda ghalani kifua mbele. Nikaikuta imefungwa kwenye leso yako nzuri, ile niliyokuletea mimi. Nikaifungua mbele ya wanaume wote. Tangi kavu, halijawahi kunusa petroli. Mnyororo bado una grisi ya kiwandani. Mzee mmoja akainama, akauliza taratibu, "Hii imewahi kukata nini?"

Mutua, jirani yako, akapita nyuma yangu na msumeno wake mdogo, akauwasha, akaanza kazi bila kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke, Mama. Ilikataa.

Katunge ndiye aliyenifuata nyuma ya jiko. Yeye ni binti yako na shemeji yangu, ana ruhusa ya kunisuta. Akaniambia kwamba ulikuwa ukimwita Mutua kabla hatujafika. Anakata kuni za kuonwa na mimi, anaondoka na kuku kama ujira. Tukishapanda gari kurudi Nairobi, wewe unarudi kwenye shoka lako.

"Shemeji, ile ulinunulia macho ya watu," akasema. "Mikono ya mama hukuifikiria." Alianza akicheka, akamaliza akilia.

Niliomba nilione hilo shoka. Mpini umeliwa pale ulipokuwa ukishika, na uliuviringishia kipande cha mpira wa tyubu ili usikuchubue. Nililishika nikalia kwa aibu. Kuchekwa na watu kungepita. Kinachoniuma ni kwamba hukuweza kuniambia kwa kuwa mimi ni mkwe, nami sikukuuliza kwa kuwa wewe ni mkwe. Tukaheshimiana vizuri sana, na kuku wako wakaisha.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye lile duka, na Katunge nyuma yangu, maana boma lako sasa ni lake. Mwenye duka alinikumbuka. "Si nilikushow hiyo ni nzito?" Nilistahili. Akakubali kubadilishana. Nikasimama kando, mikono nyuma, nikamwacha Katunge achague. Akainua moja akainyoosha mbele yake, akairudisha. Akajaribu nyingine. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga mshikio, akavuta kamba ya kuwashia mwenyewe. Akauliza petroli inachanganywa vipi na oili, na mnyororo ukipoteza makali utanolewa na nani kule Makueni. Maswali hayo sikuwahi hata kuyafikiria. Akatoka na ile ile ndogo niliyoidharau.

Mgunga wako ameumaliza. Kuni nyingine zimepinda, nyingine fupi mno. Nimemwomba asinipangie. Nikija, nizikute zilivyo.

Leso nimeifua, Mueni anaifunga. Pumzika, Mama. Sasa unaweza kuketi nami nikiwa nimeketi, na ukitaka kunicheka, cheka.

Nakuahidi jambo moja. Mjukuu wako Mutheu anakua. Siku atakayoleta mume, na mume huyo aniletee kitu kizito kwa sifa, nitamwambia ni kizito. Ataona aibu, najua. Lakini ataiona nikiwa hai.

Mkweo,
Baba Mutheu