Tochi ya kidole

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Nimejifungia chooni ofisini nacheka peke yangu!

Asubuhi nilimuaga bosi kwamba nampeleka mama mkwe hospitali. Uongo! Nilikwenda kununua ile tochi ndogo ya kuchaji, ya kukaa kwenye pochi.

Muuzaji akasema, "Dada, tochi haijaribiwi kwenye jua. Ingia stoo, funga mlango."

Nikaingia na mbili. Moja nene kama mchi. Nyingine saizi ya kidole, lakini mwanga wake, weee! Nikamulika ukuta. Nikamulika maboksi. Nikamulika BOSI.

Bosi! Aliyetuambia ana mkutano mjini! Kumbe alisikia sauti yangu akazima tochi yake, akajibanza. Mkononi ana ile ile ya kidole.

"Mama mkwe anaendeleaje?"

"Mkutano umekwendaje, bosi?"

Nikazima. Gizani akanong'ona, "Hatujaonana."

"Tuonane wapi, na giza hili?"

Sasa sikia. Dakika tano zilizopita umeme umekatika katikati ya kikao, na kile chumba hakina dirisha. Tochi mbili zikawaka papo hapo. Mapacha!

Mhasibu akatutazama. "Nyie wawili, hizo mmenunua wapi?"

Tukajibu kwa pamoja. Mimi: "Hospitali." Bosi: "Mkutanoni."