Upande Mzuri wa Uso wa Baba

Mtaa wa Chemchem,
S.L.P. 417,
Tabora.

9 Julai 2024

Mpendwa Baba mdogo Dionis,

Shikamoo baba. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Chemchem. Nawaulizia afya zenu kwanza: wewe na kazi zako za mikono, mama mdogo Theodora, na wadogo zangu wa huko ambao hata majina yao siyajui yote. Mungu awashike mkono. Huku baridi ya mwezi wa saba imeingia, vumbi ni tele, na watu wa tumbaku wamejaa mjini. Mama ni mzima. Mimi pia ni mzima wa mwili.

Ni Koleta anayekuandikia, binti wa kaka yako Kornel. Uliponiona mara ya mwisho, kwenye mazishi ya bibi, nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo sikulaumu kama hunikumbuki. Namba yako tuliyokuwa nayo haipatikani tena, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anakuja nayo Shomari, muuza dagaa wa Ujiji, na nitakueleza huko mbele tumempataje.

Habari ya baba nimeichelewesha makusudi, maana sijui nianzie wapi. Tafadhali kaa chini kwanza.

Baba alianguka. Ilikuwa mwishoni mwa mvua za mwaka jana, mnadani Igunga, katikati ya kunadi. Wanasema alikuwa ameinua fimbo yake anataja bei ya dume mmoja mweusi, mara bei ikamgeukia mdomoni ikawa maneno yasiyoeleweka. Watu wakacheka wakidhani ni utani wake wa kila mnada. Walicheka mpaka alipoanguka.

Hospitali walituambia ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala: mkono, mguu, hata uso. Mdomo umevutwa chini na jicho halifumbi vizuri. Kauli nayo ikakatika kabisa. Wewe unamjua kaka yako kuliko mimi, mtu ambaye hata akitafuna alikuwa anaongea. Tangu siku hiyo nyumba ikawa kimya. Anasikia, na mengi anayaelewa, ila si yote, na hatujui ni yapi.

Tungekuambia mapema. Mama aliuliza kwa kila mtu aliyesikia anatoka Kigoma, ulikovukia ziwa, lakini hakuna aliyekujua.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata nafasi katika chuo kimoja hapa mjini, kozi ya mwanzo ya kupiga picha za kidijitali na kuzihariri kwa kompyuta. Ndoto yangu ilikuwa nipate kazi kwenye studio pale Gongoni, nipige picha za harusi na kipaimara. Baba alipougua nilitaka kuacha. Mama akakataa. Alisema, "Ukikaa hapa mtakuwa wawili mnaotazama ukuta. Nenda."

Nikaenda. Nilidhani kupiga picha ni kubonyeza tu. Baba mdogo, si hivyo. Ukimweka mtu mweusi kama sisi mbele ya ukuta mweupe, kwenye jua hili la Tabora, kamera inaushughulikia ukuta tu, mtu anabaki kivuli chenye meno. Ukirekebisha mwanga, anaonekana yeye lakini mbingu zinatoweka. Wenzangu walikuwa wanaelewa kwa kuelekezwa mara moja. Mimi nilikuwa nageuza vitufe kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Kwenye kompyuta nilikuwa mbumbumbu zaidi. Picha inapangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine kama karatasi za nailoni, nami nilikuwa nafuta la chini nikidhani nafuta la juu. Umeme ukikatika sijahifadhi, kazi imekwenda. Siku moja nililia mbele ya darasa zima. Mwalimu wetu, Renatus, akanipa kitambaa cha kufutia lenzi nijifutie machozi, halafu akasema nisikirudishe.

Mwalimu huyo ndiye aliyetupa zoezi. Kila mwanafunzi ampige picha mtu wa nyumbani kwake, uso mzima, kisha aihariri: aondoe madoa, asawazishe mwanga, arekebishe kasoro. Mimi nikamfikiria baba. Ndiye mtu anayekaa mahali pamoja, na mimi nilihitaji mtu asiyechoka kusubiri nikigeuza vitufe.

Baba hakutaka. Nilipomwonyesha kamera aligeuza uso, akafunika mdomo kwa leso yake. Mama akanong'ona, "Mpige upande wake mzuri." Nikamwambia baba kwamba ni kwa ajili ya mtihani wangu, na kwamba nisipopeleka kitu nitafeli. Kisha akaiweka leso mapajani, akainua kidevu, akanitazama moja kwa moja. Mwalimu alitaka uso mzima, nami nikapiga uso mzima.

Ilipofunguka kwenye skrini darasani nilishindwa kuitazama. Nyumbani tumeshamzoea, lakini pale, uso wake ukiwa mkubwa kuliko kichwa changu, niliona kila kitu. Mate pembeni ya mdomo. Jicho lililobaki wazi. Wenzangu walikuwa wanapita nyuma yangu, na mmoja akasema, "Pole."

Mwalimu Renatus akavuta kiti. Akanionyesha kwamba unaweza kuchukua nusu nzuri ya uso, ukainakili, ukaigeuza kama kwenye kioo, ukaiweka juu ya ile iliyoharibika. "Jaribu," alisema. Nikajaribu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kozi ile, kipanya kilinitii. Nikaunganisha pua, nikasawazisha rangi ya ngozi, nikalainisha makunyanzi ya paji la uso. Mdomo ukakaa sawa. Macho yakawa mawili. Darasa likanipigia makofi, baba mdogo. Mwalimu akachapisha nakala mbili, moja akaibandika ukutani iwe mfano, nyingine akanipa niende nayo nyumbani.

Nilitembea haraka siku ile. Nilikuwa namletea baba uso wake.

Alikuwa uani, kwenye kiti. Nikamwekea picha mkononi, mkono wa kushoto. Akaitazama muda mrefu. Nikaona kifua chake kinapanda, shingo inakaza, mdomo unahangaika, nikadhani amepatwa tena na kitu. Ndipo akasema, "Dio." Akapumzika. Kisha akasema, "Dionis."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Majirani wakaja. Shangazi Recheli, ambaye siku hizi anaishi nasi, alipiga magoti pale pale vumbini kumshukuru Mungu. Neno la kwanza! Sote tulikuwa tunacheka na kulia, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini neno lenyewe ni jina lako.

Baba ndiye aliyetuonyesha. Alinyanyua picha, akaigonga kwa kidole gumba, akanitazama, akatazama mlango wa uani. Akasema tena, "Dionis," kama mtu anayeuliza. Shangazi akaichukua picha, akaisogeza mbali kidogo na macho yake. Halafu akasema, "Koleta, mbona umempiga Dionis?"

Mimi sikuujua uso wako. Lakini shangazi anasema ndivyo ulivyo. Kumbe baba tangu ujana uso wake umeelemea kulia, taya la kulia limetoka kuliko la kushoto, na ndilo lililomtofautisha nawe. Nilipoliondoa na kuweka la kushoto pande zote mbili, nikatengeneza uso wa mviringo, laini, wa mtu mwingine. Nilikutengeneza wewe bila kujua.

Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, huyu ni wewe. Nimekuhariri tu." Akatikisa kichwa. Nikarudia polepole. Akakasirika, akapiga picha kwa kiganja, "Dionis! Dionis!" Alidhani nimekuona huko chuoni na ninamficha. Hapo nikafanya jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa sawa. Nilikuwa na picha halisi kwenye simu, ile niliyoipiga mwanzo. Nikamwonyesha ili aelewe.

Tangu augue hakuwa amejitazama. Mama alikuwa ameshaviondoa vioo. Baba aliitazama simu, akagusa mdomo wake kwa vidole, akatazama tena. Alinirudishia simu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake, akaichukua ile nyingine akaiweka kifuani.

Toka hapo neno lake ni hilo moja. Akitaka maji, ni Dionis. Akiumwa mguu, ni Dionis. Akisikia honi ya treni ya Kigoma, ananyoosha kidole kwenye viatu vyake mpaka tumvalishe, kisha anakaa akitazama mlango hadi sauti za watu wanaotoka stesheni ziishe njiani. Zamani akimwita mama alimwita "mama Koleta." Sasa anamwita kwa jina lako, na mama ameacha kumsahihisha. Nasikia sauti kutoka uani, "Dionis!" na mama akiwa jikoni anaitikia, "Abee, nakuja."

Nilimwomba mwalimu aitoe ile picha ukutani darasani. Aliibandua bila kuniuliza sababu. Nikampigia baba picha nyingine nyingi, za mama, za ng'ombe wanaopita, za fimbo yake ya mnadani, nikidhani labda kila picha itatoa neno lake. Anazitazama kwa adabu, basi. Muuguzi anayemfanyisha mazoezi anafurahi. Anasema neno moja ni mlango, tumwache alitumie, tusimnyang'anye picha. Shangazi Recheli anasema tuichome, maana tunamlisha uongo. Mama anasema tumwambie kwamba unakuja. Wote wananitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeitengeneza. Mimi sijui, baba mdogo. Nimejifunza kuondoa chunusi na kubadilisha rangi ya anga, lakini hili sijui.

Shomari tulimpata kwa njia hii. Baada ya jina lako kutoka mdomoni mwa baba, mama alianza upya kuuliza kwa wafanyabiashara wa Ujiji wanaofikia Gongoni. Shomari akasema anakufahamu, kwamba amenunua makabati kwako mara kadhaa, na una karakana yako Kalemie, upande wa Kongo, karibu na bandari. Tukamleta nyumbani ili baba asikie kwa masikio yake kwamba uko hai.

Tulikosea. Alipoingia tu baba alisema, "Dionis," akajaribu kusimama. Shomari ni mtu wa huruma, akainama amkumbatie. Baba akamshika kwa ule mkono mmoja, akalia kwa sauti, sauti kubwa kama ile ya zamani ya mnadani. Halafu akaanza kumpapasa uso. Paji la uso, shavu, taya. Alifika kwenye taya akasimama. Akamsukuma, si kwa hasira, akageukia ukuta. Shomari alitoka nje akakaa kibarazani akijifuta macho, naye ndiye aliyesema, "Andikeni barua. Nitampelekea mkononi mwenyewe."

Sikuandikii kukuvuta kwa nguvu. Tunasikia hali ya huko, na najua kuvuka na kurudi si jambo la kuamka asubuhi ukaondoka. Labda umefungwa na kazi, labda na mengine ambayo hayanihusu. Kama huwezi kuja, mpe Shomari namba ya simu, baba asikie sauti yako hata mara moja. Sikuombi picha. Naogopa akiona umezeeka naye atasema huyo si wewe.

Na kama unaona afadhali tumwambie hutakuja, basi niambie wewe maneno ya kutumia. Mimi yamenishinda.

Shangazi Recheli anakusalimu sana, anasema bado anakuombea kila Jumapili. Mama anakusalimu wewe na mama mdogo Theodora. Wabusu wadogo zangu, waambie wana dada Tabora. Mungu aliyewalinda miaka yote hii ng'ambo ya ziwa aendelee kukaa mlangoni pako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kukujua,

Koleta Kornel

Baba mdogo, nilikuwa nimeshaandika jina langu pale baba alipoinyooshea mkono kalamu. Amekuwa kando yangu muda wote huu. Nikamshikia karatasi. Ule mstari uliopinda hapo chini ni wake, wa mkono wa kushoto. Umemchukua muda na jasho. Mama anasema ni herufi ya kwanza ya jina lako. Shangazi anasema ni pembe ya ng'ombe. Mimi sioni kitu ninachokitambua, ila nimeuacha ulivyo.

Shomari amefika kuchukua barua. Baba amemtazama, na leo hakujaribu kusimama. Ameichukua karatasi mkononi mwangu, akampa yeye (nimeiomba tena ili nimalizie mistari hii), akamwonyesha kwa kidole njia ya stesheni. "Dionis," amemwambia.