Tyubu Yenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ajira chuoni. Nilienda nikijua nitasinzia — nimerudi siwezi hata kukaa kitini!

Walikuja watu wanne, wote wamesoma biokemia kama mimi. Mmoja anapima damu hospitalini. Mwingine yuko polisi, kazi yake vinasaba: tone la mate kwenye kikombe linamtosha kumjua mwizi. (Kamusi, mwenzangu wa maabara, akakificha kikombe chake.) Wa tatu kiwanda cha maziwa. Wa mwisho mama mmoja mfupi, mkemia mkuu wa kiwanda cha sabuni. Anasema sabuni yao ina vimeng'enya, vibarua wadogo wanaokatakata madoa ya damu na maziwa. Shida moja: maji yakichemka, vibarua wanakufa.

Anachukua mwanafunzi mmoja tu wa mafunzo kwa vitendo. Anataka ripoti ya mradi yenye sahihi ya mhadhiri, mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Mradi ninao! Tena wa vimeng'enya! Na Shangazi kila tukionana ananiuliza: "Hiyo bio-nini yako, ukimaliza utaitwa nani?" Daktari ni daktari, mwalimu ni mwalimu, mimi je? Naitaka hii nafasi!

Jumanne, 4 Machi

Leo — sijui hata nianzie wapi.

Mama ni dobi. Miaka kumi na miwili anachemsha mashuka ya nyumba za wageni kwenye pipa la uani, na maji ya moto yanapita mfereji ule ule. Humo kumeota ute. Nilijiuliza, kitu gani kinaishi kwenye moto ule, na kinakula nini? Mwezi uliopita nikaukwangua, nikaupeleka maabara. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka mitatu chuo kikuu, unarudi kukwangua mfereji wangu? Si ungesema, nikupe brashi!"

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupima. Ni rahisi sana. Unaweka maziwa mepesi kwenye tyubu, unatia maji ya ute. Kimeng'enya kikiwepo kinayala maziwa, weupe unaondoka. Nyuma ya tyubu unasimamisha gazeti. Ukiweza kulisoma, kazi imefanyika. Tyubu tatu: ya kwanza ute mbichi, ya pili ute uliochemshwa dakika kumi, ya tatu maji matupu. Ya pili lazima ibaki nyeupe, maana kimeng'enya kilichochemshwa ni maiti.

Zimesafika mbili! Mbili!

Nikarukaruka. Kisha nikaangalia chupa nilizochotea. Ile iliyochemshwa na ile mbichi — zote hazina jina. Wino wangu umeyeyukia kwenye maji ya moto. Labda nilichota mbichi mara mbili, nani ajuaye. Mzee wa Maabara, fundi wetu, wala hakushtuka. Umechanganya, binti, kila mwaka wanachanganya. Akaenda zake kunywa chai.

Lakini kama sikuchanganya? Kama kipo kimeng'enya kisichokufa kwenye maji yanayochemka — ndicho anachokililia yule mama wa sabuni!

Jumatano, 5 Machi

Kamusi ananiambia andika sifuri kwa tyubu ya pili, yaani haikufanya kazi. Kitabu kinasema sifuri, mhadhiri anataka sifuri, kesho unasainiwa, Ijumaa uko kiwandani. Acha ubishi.

Mhadhiri mwenyewe ana msemo wake, anaurudia kila mwaka: "Kimeng'enya kilichochemshwa kikifanya kazi, mwanafunzi alilala." Hasaini ripoti ya aliyelala.

Nimeiandika sifuri. Kwa penseli. Nimeitazama weee. Imenichukiza, nimeifuta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda nyumbani kumsaidia Mama. Shangazi alikuwepo, anakunja mashuka huku akikosoa nilivyokonda.

Mama alikuwa anatia alama mashuka, na mimi nilikuwa namlalamikia wino uliofutika. Akasonya. "Wino ni wa watu wa ofisini. Umeona lini dobi anaandika shuka?" Akanionyesha pindo la shuka mkononi mwake: mshono wa uzi, kidogo tu. Bluu ni mteja huyu, nyekundu yule, nyeusi mwingine. Miaka kumi na miwili pipa linachemka, na hajawahi kumpa mtu shuka la mwenzake.

Tangu utotoni naziona zile nyuzi!

Nikamweleza yote, mfereji, maziwa, kiwanda. Mama akaweka sindano chini. "Kwa hiyo mfereji wangu utapata kazi kabla yako?"

"Na yeye ataitwa nani?" Shangazi, hakosi.

"Ataitwa dobi, kama mamaye. Dobi wa digrii!" Mama akamjibu.

Walicheka wakashikana mabega. Kwanza nilinuna. Halafu ndani ya basi nikajikuta natabasamu peke yangu kama chizi. Nina vipande vitatu vya uzi kwenye pochi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hapa hapa maabara. Saa tisa na dakika thelathini na tano.

Nimemwomba mhadhiri aje afanye jaribio yeye mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Amekuja! Bluu ni mbichi, nyekundu ni uliochemshwa, nyeusi maji matupu. Nyuzi nimezifunga kwenye chupa na tyubu, mbele yake. Amechemsha mwenyewe, dakika kumi kwa saa yake ya mkononi. Amechota mwenyewe. Mimi nimeweka mikono nyuma kama mshtakiwa. Ripoti iko mezani, mahali pa sahihi pako wazi, na pale penye sifuri pako wazi vilevile. Nimemwambia ukweli, kwamba sitaandika kitu ambacho sijakiona. Amesema, "Haya, tuone nani amelala."

Dakika ya nne. Bluu imeanza kusafika.

Dakika ya sita. Nyuma ya bluu gazeti linasomeka lote. Ya uzi mweusi bado nyeupe pepepe, kama ilivyotiwa maziwa. Nyekundu — bado. Nyeupe. Kamusi ananitazama kwa huruma, simtaki.

Mama anapiga simu. Sipokei. Nisamehe, Mama.

Dakika ya nane. Mzee wa Maabara hajaenda kunywa chai. Ameinama mpaka pua inagusa kioo.

Dakika ya tisa. Nyuma ya uzi mwekundu kuna kitu cheusi. Mstari. Hapana — herufi! Zile kubwa za kichwa cha habari — na ya pili yake — nazisoma! Mhadhiri amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Saa kumi kasorobo. Ananyoosha mkono kuelekea mezani, na sijui kama anataka tyubu au anataka kalamu asaini.