Pete Iliyogeuka Nyeupe Jikoni kwa Mama

Jumamosi, mwezi wa kumi. Nipo Gongoni, Tabora, nyumbani kwa wazazi.

Mawingu yalikuja asubuhi, yakatuchungulia, yakaenda zao. Joto limebaki. Mabati yanalia tangu saa tano, na mimi na tumbo langu la miezi saba na nusu tumehamia barazani kwenye mkeka, ambako angalau kuna kaupepo ka kudanganyia.

Lakini sikufungua ukurasa huu niandike habari za joto. Naogopa. Naogopa tangu Jumatano, na mpaka leo mchana sikuwa nimemwambia mtu.

Pete yangu ya ndoa imegeuka nyeupe.

Haya, nianze mwanzo. Kwetu mimba ya kwanza inarudi kwa mama. Uwe na mume mwema namna gani, ukifika mwezi wa saba unafunga mzigo unarudi kwenu, mama akukande, akupikie uji wa pilipili manga, akufundishe kumshika mtoto asivunjike shingo. Basi wiki tatu zilizopita nilimwacha mume wangu Shabani huko Bukene, tunakofundisha wote wawili, nikapanda treni. Mama alinipokea stesheni kwa vigelegele mpaka abiria wakadhani kuna kiongozi kashuka.

Baba yangu ni sonara. Karakana yake ni chumba cha mbele, kinachotazama mtaa. Pete hii aliifua yeye mwenyewe, siku nne nzima, na siku ya harusi aliwaambia watu kwamba ndani yake hakuna hata chembe ya shaba.

Wachimbaji wadogo wa upande wa Nzega humletea dhahabu ikiwa bado donge la kijivu. Wanaikamata mchangani kwa zebaki, ile metali ya majimaji inayong'aa na kukimbiakimbia kiganjani. Zebaki inashikana na dhahabu, vinakuwa kitu kimoja kilichopauka. Ukitaka kuvitenganisha unaweka donge kikaangoni, unalipiga moto wa gesi, zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki njano.

Na Baba anachomea jikoni kwa Mama. Si karakanani. Babu alimfundisha hivyo na Babu naye alifundishwa hivyo: dhahabu haichomwi mbele za watu, kuna wezi na kuna macho. Kwa hiyo mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na aliyemo ndani hatoki mpaka njano ionekane. Ikionekana, Baba anasema, "Imezaliwa." Tukiwa wadogo tuligombania kuwemo humo ndani.

Jumatano nilimwonea Mama huruma, nikasema leo nadeki mimi. Nikadeki jikoni, chini ya meza, kwenye nyufa za sakafu karibu na jiko la mkaa, tambara nikalikamua kwa mikono mara tano sita. Nilipokwenda kunawa nikaona. Upande wa pete unaotazama kiganja umepauka. Nikausugua kwa sabuni, nikausugua kwa majivu. Weupe ukatulia palepale.

Mwingine angesema husuda. Mama angesema husuda, tena angemtaja na mwenyewe kwa jina. Mimi sikuwa na bahati hiyo ya kutojua. Nikakaa juu ya ndoo.

Nikaivua pete, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Mama aliponiuliza iko wapi nikamwambia vidole vimevimba. Uongo mtupu, na nikausema huku namtazama usoni.

Hii ndiyo kazi yangu, jamani. Kila Januari nasimama mbele ya kidato cha kwanza na bilauri ya barafu. Nawaambia maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Naiacha barafu iyeyuke, nayachemsha maji, bilauri inabaki tupu, halafu nauliza: maji yameenda wapi? Kila mwaka wapo wanaoandika "yamepotea", na kila mwaka nawakata maksi kwa wino mwekundu. Hayajapotea! Yamebadilika hali. Yako humuhumu darasani, yakikutana na kitu cha baridi yatarudi kuwa maji.

Nimelisema hilo miaka sita mfululizo, kwa sauti, huku najisikia mwalimu kwelikweli. Na likizo zote sita nilikuja hapa nikala wali uliopikwa katika jiko lile.

Nilijua? Nilijua. Nilijua namna mtu anavyojua jambo la vitabuni. Zebaki ya vitabuni ilikuwa sumu, na zebaki ya Baba ilikuwa ada yangu ya shule, sare yangu, na pete yangu. Sikutaka zikutane.

Sasa niandike lile ambalo hata Shabani hakulijua mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita Baba alipata donge kubwa kuliko kawaida. Akaniita, uso umemjaa furaha, "Mwalimu, njoo wewe na mjukuu wangu muone inavyozaliwa." Nikaingia. Akafunga mlango, akafunga dirisha. Nilisimama mle robo saa nzima, mkono juu ya tumbo. Moyoni nilikuwa nasema toka, Tatu, toka, na mdomo ukanishinda kufunguka, kwa sababu ni Baba, kwa sababu aliita kwa mapenzi, kwa sababu niliona aibu kuwa msomi mbele yake. Dhahabu ilipogeuka njano nilipiga makofi.

Nilipiga makofi.

Tangu Jumatano kazi yangu ni kuhesabu mateke. Akicheza sana naogopa, akitulia naogopa zaidi. Nikikaa jikoni macho yanapanda yenyewe juu: boriti nyeusi kwa masizi, bati, kichanja cha vitu vya Mama. Yale madonge yote ya miaka yote, ule mvuke wote, dirisha limefungwa. Umeenda wapi? Swali langu mwenyewe, la maksi mbili.

Halafu kuna mikono ya Baba. Nilipofika tu niliona inatetemeka. Mama anasema ni uzee, Baba anasema ni miwani. Alhamisi nilimwona akijaribu kufunga pingili moja ya mkufu, ndogo kama punje ya mtama. Akakosa. Akakosa tena. Akaitupa koleo chini na kutukana, Baba yangu ambaye sikuwahi kumsikia akitukana. Nilijifanya sijaona.

Leo baada ya sala ya adhuhuri nikaona basi, nitapasuka. Baba alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, anamsubiri Mama aepue wali. Nikafungua pindo la kanga nikamwekea pete kiganjani.

Hakuuliza kitu. Sonara huyo, ataulizaje? Aliigeuza mara moja tu.

"Ah, imegusa zebaki," akasema. "Umenitisha bure, nilidhani mmegombana na Shabani. Dakika mbili inarudi njano." Akanyoosha mkono kwenye mtungi wa gesi. Palepale, jikoni, mimi nimesimama mbele yake na tumbo, Mama anakoroga mchuzi.

Nikapiga kelele. "Baba, usiwashe!"

Mama akaangusha mwiko. Sijawahi kumpandishia Baba sauti tangu nizaliwe, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nikamwambia ile zebaki ni sumu, kwamba inapita mapafuni inaingia kwenye damu, na kwenye damu yangu kuna mtoto.

Baba alinisikiliza kwa upole, na upole huo ulinitia hofu zaidi kuliko angefoka. "Mwanangu, ile inapaa. Ukishaichoma imekwenda. Mimi nimezaliwa ndani ya kazi hii, Babu yako kazeeka nayo."

"Haijaenda, Baba. Imo humu."

"Wapi? Nionyeshe."

Nikamwomba Mama ainue mfuniko wa sufuria. Akainua. Maji yakachuruzika kutoka chini ya mfuniko, tone kwa tone, yakadondoka jivuni yakalia shii.

"Mvuke ulipanda," nikasema, "ukakuta mfuniko una baridi, ukarudi maji. Na zebaki ni hivyohivyo. Mfuniko wake ni lile bati."

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Hakufika darasa la tano, lakini amefunika sufuria maisha yake yote. Alitazama juu, akatazama sufuria iliyo wazi mkononi mwake, akasema taratibu, "Ya Rabi."

Baba hakukubali. Sonara haamini maneno, anaamini alichokipima. Akaenda karakanani akarudi na kipande cha waya wa dhahabu, ule mwembamba wa kusukia mikufu, unang'aa. Akapanda juu ya kigoda. Mama akamshika kiuno asianguke. Akaupitisha waya kwenye ufa wa boriti, ndani ya masizi, juu kidogo ya jiko la mkaa. Akausukuma na kuuvuta, mara tatu nne. Akashuka, akaufuta kwa kitambaa, akausogeza mlangoni kwenye mwanga.

Ulikuwa mweupe. Mweupe kama pete yangu.

Akauchukua upande wa pili usioguswa, akapanda tena, akajaribu karibu na dirisha. Mweupe. Akajaribu kwenye rafu ya unga. Hapo ulipauka kidogo tu, lakini ulipauka.

Baba akakaa juu ya gunia la mkaa na kanzu yake nyeupe ya sala. Alitazama waya mkononi, na mkono ule ukawa unatetemeka, na safari hii aliutazama mkono wenyewe. Nikaona anavyoelewa. Mkono aliuweka chini ya paja, akaukalia, tusiuone.

"Nilikuita mimi," akasema. "Nilikuita uje uone."

"Na mimi nilikuja, Baba. Nilikuwa najua."

Hapo nililia, Mama akalia, Baba akatazama sakafu.

Wali hatukuula. Mama alilibeba jiko la mkaa na yote yaliyokuwa juu yake akaliweka uani, akarudi akafungua dirisha kwa kulipiga kwa mchi, maana lilikuwa limeota kutu kwa kufungwa. Baba alichukua chupa ya zebaki na kikaango chake, akavitia ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akaifunga na kuiacha nyuma kabisa ya ua mpaka tujue nani wa kumkabidhi, maana nilimwambia ukiimwaga chooni ni kuihamisha tu. Mpaka saa hizi hajachoma kitu. Mteja mmoja amekuja na donge lake, nimesikia Baba akimwambia sichomi tena. Yule bwana alicheka akadhani ni utani.

Nimempigia Shabani. Nimemwambia yote, hata makofi. Akasema kesho anapanda treni anakuja kunichukua. Kwa hiyo nitazalia Bukene, mimba ya kwanza, mbali na mama yangu, na majirani watasema yao. Waseme. Jumatatu naingia kliniki na nitamwambia nesi kila kitu bila kuona haya, na nitamwuliza wapi wanapima damu ya mtu kwa zebaki, kama si Tabora basi kokote. Yangu, ya Mama, na ya Baba.

Nilidhani siku imekwisha hapo.

Muda mfupi uliopita Mama alikuja barazani amebeba furushi. Alitaka nisiondoke mikono mitupu. Ndani yake mna nguo alizomwandalia mtoto tangu aliposikia nina mimba: fulana, kofia za sufu alizofuma mwenyewe, na zile kanga kuukuu laini nilizobebewa mimi. Akaketi kando yangu, akaanza kufungua fundo, mara mikono ikasimama.

Nikamwuliza kuna nini.

"Nilikuwa nimeziweka juu ya kichanja," akasema. "Juu ya jiko. Moshi unafukuza nondo."

Baba alitusikia kutoka karakanani. Akaja na waya mpya, mzima, wa njano, akapiga goti mbele ya furushi. Kidole kikimtetemeka, akausukuma waya katikati ya zile nguo, kwenye mikunjo ya kanga, akafunga fundo tena. Akasema tuuache humo ulale, maana kitambaa si boriti, kinachelewa kusema. Sasa furushi limewekwa uani juu ya kiti, na sisi watatu tumekaa huku tunalitazama, hakuna anayeligusa.

Asubuhi tutalifungua. Waya ukiwa njano Mama atafua nguo mara saba na kunipa. Ukiwa mweupe hatutampa mtu yeyote.

Mtoto amepiga teke sasa hivi, upande wa kulia, kwa nguvu. Na huyu nitampitishia waya gani?