Kipande Chako Kilichobaki Gitega

Baba,

Amani iwe nawe huko uliko. Nimekalia cherehani yako, na kabla hujauliza: ndiyo, nimeitia mafuta. Mama anasema siku hizi inapiga kelele kuliko zamani. Anaisingizia tu.

Nina habari njema, ila inaanzia mbali kidogo.

Unakumbuka kanzu ya Hamisi? Mkono wa kulia uliushona vizuri kabisa, wa kushoto ukauacha bila pindo, ukamkabidhi huku umejaa furaha. Soko zima la Muyinga lilicheka, na wewe ukacheka nao. Tukakubadilishia miwani, mara mbili, Baba! Tukasogeza cherehani dirishani. Sisi mafundi mtu akikosea tunalaumu macho na mwanga; nani angefikiria ubongo? Tulipokufikisha hospitali ya Gitega uvimbe ulikuwa umeshakua mno. Hilo bado linaniuma, sitakudanganya.

Daktari wako, yule mama wa Itaba aliyekulia Tanzania, uliyemtania kwamba Kiswahili chake kimepigwa pasi, alikupasua akatoa alichoweza. Tukapata miezi ya kukaa na wewe. Ukanifundisha kukata kola. Kisha ukaenda.

Baada ya arobaini yako akanipigia simu. Kile kipande cha uvimbe walichokipima kujua ni wa aina gani kilikuwa bado kipo, kimegandishwa ndani ya nta. Aliomba ruhusa wakikate vipande vyembamba kuliko karatasi, wavitie rangi, wavitazame kwa hadubini pamoja na vya wagonjwa wengine, watafute kwa nini uvimbe kama wako unarudi hata ukiondolewa. Alisema wazi kwamba dawa ya kuumaliza bado hawana. Na tukikataa, watatukabidhi kipande tukakizike.

Mama akakataa. "Mi sitaki bwana yangu alale nusu-nusu. Kipande yake iko Gitega inafanya nini? Irudi, tuizike pembeni yake." Nilibishana naye mpaka nikamwambia anapenda kaburi kuliko watu. Nimeshamwomba radhi, nakuomba na wewe.

Basi juzi akaja mama mmoja kutoka Giteranyi na gauni la buluu ulilomshonea zamani, akiwa bibi harusi. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umelirarua, na binti yake anaolewa mwezi ujao, anataka avae hilo hilo. Kitambaa kile hakipo tena sokoni. Nikawa najikusanya kumwambia pole. Mama akainuka, akavuta debe lako la vipande vya vitambaa.

Debe lile, Baba! Kipande kimoja cha kila mteja, jina kwenye karatasi, kimebanwa kwa pini. Tulivyokucheka. Kila Mama alipotaka kulitupa ulimwambia, "Wacha hapo. Kuna siku mutu atakuja." Akachambua, akachambua, akakitoa: buluu ile ile, jina la mama yule kwa mwandiko wako. Tukalitia kiraka ndani ya pindo, hakionekani. Mama wa watu alilia, nami nikalia kwa ajili yako.

Alipoondoka, Mama alibaki na debe mapajani. Halafu akasema, "Mupigie ule dogiteri wa Itaba. Ibaki. Lakini mi nataka kuona penye wameiweka."

Jana tulikwenda Gitega. Daktari alituvutia droo moja: vipande vya nta vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na namba yake, na jina la kila namba limefungiwa kwenye daftari lao. Akatuonyesha chako. Ni kidogo kuliko kifungo cha koti. Mama akakitazama, akatazama droo nzima, akakuambia wewe, "Wamepanga vizuri kukupita." Akaweka saini. Njiani kurudi alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lala salama, Baba. Nakuahidi hivi: fundi yeyote hapa sokoni akianza kusahau upande mmoja wa nguo, sitamnunulia miwani. Nitamshika mkono mpaka Gitega. Wakati huo huenda watakuwa wameshajua mengi zaidi, na mengine watakuwa wameyajulia kwako.

Wewe kaa hapo hapo kwenye droo. Kuna siku mtu atakuja.

Binti yako,
Zaina